Gari la Meku Aloyce Lisilo na Boneti

Hapana, kaka Deo, sikuacha kazi kwa ajili ya kigari cha kuchezea, na wala sikufukuzwa. Nimestaafu. Unacheka? Cheka. Unasema mtu wa miaka ishirini na mbili hastaafu, anatoroka. Mimi nasema mtu anastaafu siku kazi inapomshinda moyo, na siku hiyo ilikuwa jana mchana, mbele ya karakana ya Fundi Eliasi, nimekumbatia gari lenye urefu wa mkono wangu mzima, kutoka begani mpaka kwenye ncha za vidole, nimelifunga kwenye kanga, na mtaa mzima unanitazama kama nimeiba mtoto.

Kwa hiyo naandika. Simwandikii kaka Deo, yeye ni mwalimu na anajua kila kitu. Nawaandikia ninyi wadogo zangu, hasa wale wasichana wa sekondari mlionizunguka siku ile nje ya kanisa pale Kirua mkaniuliza, "Dada Gaudensia, kazi ya kupaka rangi magari ikoje? Mikono si inaharibika?" Nilikuwa na haraka, kama kawaida yangu, nikawajibu, "Inaharibika," nikaondoka. Leo nawajibu sawasawa. Mtanisamehe nikirukaruka. Bado nimeduwaa, na mtu aliyeduwaa hapangi maneno.

Nilipomaliza form four nilikaa nyumbani nikichuma kahawa na kungoja barua ya kazi. Barua haikuja. Nikashuka Moshi mwenyewe, nikaingia kwenye karakana ya kwanza niliyoiona mlango wazi, karibu na reli. Ndani alikuwa Fundi Eliasi, mnene, mfupi, anaongea huku ameuma brashi.

"Shikamoo fundi. Nataka kazi."

"Marahaba. Unajua nini?"

"Najua fizikia."

Akatoa brashi mdomoni. "Gari halijui fizikia, binti. Lakini sakafu inajua ufagio. Ule pale."

Nilifagia miezi. Nilidhani ananidharau kwa kuwa ni msichana. Kumbe ndiyo darasa lenyewe. Adui wa rangi si ubaya wa mkono, ni vumbi. Ukitaka kupaka, fagia jana yake, siyo leo. Leo mwaga maji sakafuni, funga mlango, kaa kimya, ngoja. Chuja rangi kwa soksi ndefu ya kike. Usipake jirani anapopepeta mahindi. Na usipake ukungu wa mlimani unaposhuka, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni anakodoa macho.

Hilo la ukungu nililisoma kwa kulia. Ilikuwa msimu wa baridi, Fundi kaenda Bomang'ombe kwenye msiba, kaniachia landirova ya masista, kaniambia ngoja jua. Nikangoja. Jua likachungulia, likarudi ndani. Nikasema, siwezi kukaa siku nzima nalitazama jua kama mchumba, nikapaka. Rangi ilitoka nzuri, buluu kabisa. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikakuta landirova imekuwa nyeupe-nyeupe, imefifia, kama mtu aliyejipaka majivu. Unyevu umeingia kwenye rangi mbichi.

Fundi aliporudi aliizunguka mara moja. "Umewapikia masista uji," akasema. "Sasa unywe."

Nikaisugua yote upya. Na msasa wa dukani haupo, mnajua hali ilivyo. Ukienda dukani unakuta rafu, muuzaji, na muuzaji anakuuliza wewe kama umesikia mahali penye sabuni. Basi nikajifunza msasa wa porini, yale majani ya mti yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Chuma yaliyokomaa, yaanike kivulini, siyo juani maana yatavunjika. Yaloweke kidogo kabla ya kutumia. Yanasugua taratibu kuliko karatasi, lakini hayaachi mikwaruzo. Hata siku msasa wa dukani ukirudi, mimi mwisho wa kazi nitamalizia na majani.

Sasa gari.

Meku Aloyce, yaani Mzee Aloyce kwa Kichaga chetu, anatoka kwetu Kirua, kihamba chake cha migomba na kahawa kiko juu ya kanisa. Wengi wenu mmemwona akitembea ameshika bega la mkamwana wake, Mama Siriaki. Zamani alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la miwa kule chini tambarare. Halafu akaingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akarudi nyumbani. Miaka mingi sasa haoni zaidi ya mwanga na giza.

Asubuhi moja walikuja karakana, Mama Siriaki kabeba kikapu kichwani kimefunikwa majani ya mgomba. Tukadhani wanatembeza ndizi.

"Shikamoo Meku," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Apolinari, wa pale mferejini."

"Apolinari ana binti fundi? Basi dunia imegeuka nikiwa sioni. Mama Siriaki, shusha."

Mama Siriaki akafunua majani. Wadogo zangu, nilishika mdomo. Lilikuwa gari la bati, la mtindo wa kizamani, pua ndefu, limebonyea vibaya maana gunia la kahawa lilikuwa limeliangukia. Magurudumu mawili yamechomoka. Kioo hakuna. Rangi nyekundu imebanduka kama gome. Lakini pale puani, wazi, palikuwa na injini. Silinda nane, nne huku na nne huku, za shaba. Nyaya nyembamba za plagi. Feni ndogo inayozunguka ukiipuliza. Na kila ubavu mabomba manne ya kutolea moshi, ya shaba vilevile, yamepinda kuja nje, kila moja limepinda kivyake, kama vidole vya mtu anayeshika kikombe cha moto. Usukani ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanageuka. Yote hayo aliyatengeneza mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwa madebe na vipande vya mabomba ya kupulizia dawa kahawa.

"Nalazwa hospitali," akasema Meku. "Napasuliwa macho. Mlitengeneze liwe kama lilivyokuwa. Siku nikifunguliwa bandeji, nataka liwe kitu cha kwanza kukiona."

Fundi Eliasi akacheka. "Hutaki kumwona mjukuu wako kwanza, Meku?"

"Mjukuu nimeshamshika. Yeye hajabonyea."

Tukacheka wote. Meku hakucheka. Akasema, "Nisikilizeni vizuri. Watu wanabadilika. Nikimwona mtu mwenye mvi akaniambia yeye ni mwanangu, nitajuaje? Migomba yote inafanana. Lakini hilo gari najua kila ribiti. Nikilitazama likawa lenyewe, nitajua macho yangu yamerudi. Likiwa lingine, nitajua madaktari wananibembeleza tu."

Kama lilivyokuwa. Hayo ndiyo maneno aliyotuachia. Na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo kuuliza, lilikuwaje? Yeye alidhani wenye macho wanaona. Sisi tulidhani fundi anajua.

Niwaambie ukweli, sijawahi kupenda kazi kama ile. Magari ya kweli hayakuwepo siku hizo, yamelala majumbani hayana petroli. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi. Kioo nilikitengeneza kwa filamu ya eksirei. Unailoweka kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, mifupa ya mtu inatoka, inabaki safi kabisa, halafu unaikata kwa mkasi. Nyaya za plagi zilizokatika nilizirudishia kwa uzi wa shaba wa ndani ya waya wa redio mbovu. Viti nilivishona kwa ulimi wa kiatu, ngozi laini. Rangi nyekundu ndiyo ilitutoa jasho. Nilimtuma mama mmoja anayejua njia za magendo za Tarakea, mpakani na Kenya, nikamwambia rangi, yeye akarudi na vichupa vya rangi ya kucha vilivyofungwa ndani ya unga. "Ni nyekundu au si nyekundu?" akaniuliza. Ilikuwa nyekundu. Na niwaambie siri ya kazi: hakuna rangi inayong'aa kwenye kitu kidogo kama rangi ya kucha, mradi uipake nyembamba, ngozi juu ya ngozi, na kila ngozi ikauke kabla ya nyingine.

Bati tulilinyoosha juu ya gunia la mchanga, siyo juu ya chuma. Chuma kinalitanua bati, mchanga unalirudisha nyumbani.

Ndipo tukaanza ujinga.

"Boneti iko wapi?" Fundi akauliza.

Tukatafuta kwenye kikapu. Hakuna. Tukatafuta chini ya meza. Hakuna. Fundi akamwita Mama Siriaki alipopita siku ya soko, akamwambia, "Mama, boneti ya gari imebaki nyumbani, hebu kaitafute." Mama Siriaki, maskini, yeye ni mtu wa mgomba na ng'ombe, boneti ataijua wapi? Lakini ni mtiifu. Siku ya soko nyingine akaja na bati limekunjwa, lina masizi.

"Nimelikuta jikoni, juu ya chungu. Ndilo?"

"Si unaona!" Fundi akaniambia. "Wamefunikia chungu boneti ya gari la mzee wa watu."

Hapo ndipo mkutano ulipoanza, kama mkutano wa nyumba kumi. Walikuwepo madereva wa lori wawili waliokosa dizeli, muuza samaki, na jirani mmoja wa karakana mwenye baiskeli. Kila mtu na neno lake. Madigadi je? Gari gani halina madigadi, matope yote yanaruka kwa abiria! Na tairi za nyuma mbona kubwa kuliko za mbele? "Hili ni gari au trekta?" Fundi akauliza. Tukakubaliana kwamba za nyuma ziliazimwa kutoka kwenye kitu kingine baada ya zile za kweli kupotea. Na paa je? Paa lilikuwa chini, madirisha membamba kama macho ya mtu anayesinzia. "Gunia limelisukuma," akasema dereva mmoja. "Humo ndani mtu mwenye kofia hakai." Mimi, mwenye fizikia yangu, nikapima nikasema paa lipandishwe upana wa vidole viwili. Wakanipigia makofi.

Basi tukalipandisha paa kwa vipande vya bati. Tukatengeneza madigadi. Tukaweka tairi nne sawasawa. Tukasugua masizi kwenye lile bati la chungu, tukalikunja likawa boneti. Lakini boneti haikukaa. Yale mabomba ya moshi yaliizuia pande zote mbili.

"Msumeno," Fundi akasema.

Nilimpa. Nikashika gari. Yakaanguka moja moja mezani, tii, tii, tii, na boneti ikakaa, tukaibandika kwa ile gundi ya kuchanganya ya tyubu mbili, isitoke maisha. Nikapaka ngozi ya mwisho ya rangi ya kucha. Watu walikuja kuliona hata kutoka kule sokoni. "Sasa hili ni gari la mkuu wa wilaya," wakasema. Fundi akalipigia saluti.

Jana Jumatatu Mama Siriaki alikuja akasema Meku amepasuliwa salama, bado amefungwa bandeji, anafunguliwa Alhamisi, lakini hawezi kungoja, anataka alishike. Nikalibeba mwenyewe mpaka hospitali. Njiani nilikuwa najiona kama nabeba kombe la mpira.

Meku alikuwa amelala chali, macho yote yamefungwa. Nikamsalimia, nikamwekea gari kifuani. Alitabasamu kabla hajaligusa. Mkono wake wa kulia ukaanzia nyuma. Ukapita juu ya gurudumu. Ukarudi kwenye gurudumu. Ukapanda kwenye paa, ukasimama. Nilikuwa nangoja asifie. Mkono ukashuka mbele, ukafika kwenye boneti, ukateleza juu yake polepole mpaka mwisho, kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa.

"Hili ni la nani?" akauliza.

"Ni lako, Meku."

"Na langu liko wapi?"

"Ndilo hili, Meku. Tumelitengeneza. Tumelirudishia boneti."

"Boneti," akarudia. "Injini iko wapi?"

"Iko ndani. Tumeifunika isiingie vumbi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa, akasema, "Gari zuri sana, mzee, lingekuwa kubwa ningelipanda."  Meku alianza kunieleza mimi, taratibu, kama unavyomweleza mtoto aliyechinja kuku wa mayai.

"Pale kwenye kiwanda cha miwa kulikuwa na injinia mzungu, ana magazeti ya magari. Akanionyesha. Vijana wa Amerika wanachukua gari kuukuu la babu zao. Wanalivua boneti. Wanalivua madigadi. Paa wanalikata linashuka. Nyuma wanatia tairi kubwa, mbele ndogo. Wanaliwekea injini kubwa kupita kiasi, halafu wanaiacha wazi kila mtu aione. Wanaliita hotirodi. Nikasema, hawa ni wendawazimu, lakini ni wendawazimu wanaopenda injini kama mimi. Nikalitengeneza." Akagonga paa kwa ukucha. "Sasa ninyi mmelivalisha suti ya kwendea kanisani."

Ruwa, Mungu wangu.  Niliona kila kitu kwa mara moja: tairi, paa, madigadi. Hakuna kilichokuwa kimepotea ila kioo. Hakuna kilichokuwa kimebonyea isipokuwa pale gunia lilipogusa. Tulikuwa tumelichukua gari zima, la namna yake, tukalitibu ugonjwa ambao halikuwa nao.

Na bado hakuwa amemaliza. Vidole vyake viliingia chini ya ubavu, vikatafuta. Vikahamia ubavu wa pili.

"Mabomba yangu?"

Ningeweza kusema yapo ndani. Sikuweza. "Tuliyakata, Meku. Boneti ilikuwa haikai."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenitukana. Alitoa mikono yake yote miwili kwenye gari akaiingiza chini ya blanketi, akageukia ukutani. Sista akaja mbio. "Mzee, unaumwa?"

"Hapana, sista. Nimefiwa kidogo."

Halafu akasema, bila kunigeukia, "Alhamisi wananifungua. Usiliache hapa. Nisije nikaliona nikadhani macho yamekataa."

Nililibeba nikarudi karakana nusu nakimbia. Nikamweleza Fundi yote, huku nahema. Nilitegemea ashike kichwa. Alishika kiuno.

"Huyo ametoka kupasuliwa, ana dawa kichwani. Akiliona atafurahi."

"Fundi, amesema akiona lingine atajua ni kipofu bado!"

"Na mimi nikipeleka gari halina boneti, mji wote utasema Eliasi ameshindwa kutengeneza boneti. Nani fundi hapa, Gaudensia?"

"Wewe. Lakini gari ni lake."

"Gari lake lilikuja bovu."

"Halikuwa bovu! Sisi ndio hatukujua!"

Nikamwuliza, vile vipande vya mabomba viko wapi, angalau niviunge. Akakuna shingo. Ndipo nikapata mshtuko wa pili siku hiyo hiyo. Shaba haipatikani, mnajua. Yule jirani alikuwa amevunjikiwa fremu ya baiskeli, na Fundi aliyeyusha vile vipande vyote akamchomelea. Mabomba manane ya Meku Aloyce hivi sasa yanapita barabarani hapo Moshi, yamebeba mkungu wa ndizi.

Nilikaa chini kwenye ndoo. Fundi akasema kwa upole, maana si mtu mbaya, "Mwache mzee apone kwanza. Rudi kazini." Na nadhani angesema kwa ukali ningerudi. Ule upole ndio ulionimaliza. Nikalifunga gari kwenye kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Nimestaafu."

"Staafu basi. Lakini tupa yangu ya kusugulia chuma acha."

Niliiacha. Nikapanda basi la Kirua na gari mapajani.

Leo nimeshinda nalo nyuma ya jiko. Ile gundi ya tyubu mbili inayosifiwa kwamba haitoki maisha, inatoka. Inaogopa moto. Nimechovya matambara kwenye maji yanayochemka nikayalaza juu ya maungio, nikabadilisha na kubadilisha mpaka gundi ikalegea kama jibini, nikachomeka kisu. Rangi imeharibika kidogo pembeni, nitairudishia. Boneti imetoka, mama ameichukua, amefunikia chungu. Madigadi yametoka. Paa nimelishusha kwa kutoa vile vipande. Kiungo kinaonekana, nimekisugua kwa majani mpaka vidole vimechubuka. Tairi kubwa nashukuru hatukuzitupa, nimezirudisha. Kaka Deo alisimama juu yangu na kikombe chake cha chai.

"Kwa hiyo jana lilikuwa zima, leo unaliharibu."

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo kazi uliyosomea?"

Nilikuwa nimeona injini. Jua lilikuwa linaipiga moja kwa moja, silinda zote nane. Nikaelewa kwa nini mtu angekata paa na kutupa boneti. Hata Deo aliweka kikombe chini. Akainama akaipuliza feni.

Lakini ubavuni pamebaki matundu manane. Shaba nimepata, jirani yetu Mama Prisila ana bomba la kupulizia mrututu, ile dawa ya kahawa, lililopasuka, amenipa mrija wake wote. Kupinda mrija wa shaba najua: unaupasha moto mpaka uwe mwekundu, unauchovya majini, unakuwa laini kama mshipa. Unaujaza mchanga mkavu, unaziba ncha mbili, ndipo unapinda, hapo haukunjiki. Yote hayo Fundi Eliasi alinifundisha, na nikikutana naye nitamsalimia kwa heshima zote. Ninachokosa ni umbo. Kila bomba lilikuwa na njia yake, moja likikwepa usukani, jingine likikwepa feni, na mimi, niliyeyatazama wiki nzima, siwezi kukumbuka hata moja sawasawa. Mchana huu nimechora, nimefuta, nimechora. Nikimpelekea mabomba ya kubuni, atafunguliwa macho aone gari la tatu ambalo si lake.

Wadogo zangu, mikono inaharibika, ndiyo. Lakini msiogope mikono. Ogopeni kutengeneza kitu kabla hamjamwuliza mwenyewe kilikuwaje. Mimi nilikuwa na fizikia, Fundi alikuwa na miaka yake yote, madereva walikuwa na barabara zao, na kati yetu hakuna aliyekuwa na swali moja.

Sasa mnisikilize nitakavyofanya. Kesho Jumatano, basi la kwanza, nashuka. Sitapita karakana. Nakwenda moja kwa moja wodini na gari langu la aibu, na vipande vinane vya waya laini wa kufungia uzio, avipinde yeye, nami nipinde shaba kwa kuvifuata. Labda atageukia ukutani tena. Nitakaa kitini mpaka achoke kugeuka. Macho yake yamefungwa mpaka Alhamisi, lakini vidole vyake havikufungwa, na ni hivyo hivyo vilivyoyapinda mabomba yale mara ya kwanza. Nitamwekea injini kifuani, wazi, aipapase. Nitamtia waya wa kwanza mkononi. Nitasema, "Shikamoo Meku. Hili la kwanza, karibu na usukani, lilikuwaje?"

Halafu nitafunga mdomo, ningoje.